Kamba ya Mita Sitini

Siku ya kwanza, Jumatano. Iringa hadi Mbeya

Mjomba alinipigia simu Jumapili usiku. Kwa kawaida mjomba huanza na watoto, anakuja kwenye mvua, anamalizia na bei ya kakao, ndipo aseme shida yake. Safari hii alisema, "Mpwa, njoo. Kuna karatasi inataka sahihi ya upande wa mama yako."

"Karatasi ya nini?"

"Ya kaburi."

Mama amelala kwenye shamba la kakao la babu, hatua chache kutoka ziwani. Kijiji sitakitaja. Kiko wilaya ya Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Matema, na jambo lenyewe bado liko mikononi mwa wenyewe. Mwekezaji anautaka ufukwe wote, kuanzia mdomo wa mto hadi yanapoanzia mawe. Ataweka hoteli, nyumba za likizo, gati la boti za watalii na barabara ya ndani. Walioko pale watalipwa fidia na kuhamia juu, upande wa mashamba ya mpunga. Makaburi nayo yatahamishwa, na kila kaburi lina mstari wake kwenye fomu.

Nimeondoka stendi ya Igumbilo alfajiri. Mafinga ni mbao na misonobari kama siku zote, Makambako upepo unakata masikio, halafu barabara inashuka Chimala na Igurusi, mpunga kulia na mlima kushoto. Njiani sikuangalia sana. Kwenye mkoba nilikuwa nimebeba nakala za sheria mbili nilizochapisha kwenye duka la steshenari: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Nimezisoma njia nzima kwa kalamu mkononi, kama mtu anayekwenda kufanya mtihani.

Nimelala Uyole kwa shangazi. Shangazi aliolewa pwani na aliishi miaka mingi kwenye mji mdogo wa bahari kabla ya kurudi Mbeya. Nilipomweleza safari yangu aliacha kumenya viazi.

"Wamekuja na rangi nyekundu?" akauliza.

Kwao walikuja na rangi nyekundu. Alama ya X iligongwa ukutani, wakaambiwa wasiongeze hata tofali, mradi mkubwa unakuja. Shangazi alikuwa na vyumba viwili vimefika kwenye linta. Vikakaa hivyo hivyo, mvua ikanyesha ndani mwaka baada ya mwaka, majani yakaota sebuleni. Ndugu wakagombana. Wa upande huu walisema tusubiri fidia, wa upande ule walisema tujenge liwalo na liwe, na waliokuwa wakila sahani moja wakaacha kuzikana. Mradi haukuja na barua ya kusema haupo haikuja.

"Mimi sikugombana na mradi," shangazi akasema. "Niligombana na dada wa mume wangu. Mpaka leo hatusalimiani."

Tumezungumza pia habari za Bagamoyo, kwa kuwa kila anayezungumzia ufukwe na mradi mkubwa nchini humu hufika Bagamoyo. Makubaliano ya bandari yalitiwa saini mwaka 2013, na mwaka 2019 Serikali ikayasimamisha. Miaka sita mtu anakaa kwenye ardhi yake hajui kama ni yake. Nimelala nikiwaza hilo kuliko hoteli yenyewe.

Siku ya pili, Alhamisi. Mbeya hadi ziwani

Kosta ya Kyela tumeipandia Nane Nane. Baridi ya Isyonje, ukungu hadi kwenye kioo, magunia ya viazi mviringo kando ya barabara. Kiwira, halafu chai ya Katumba, halafu Tukuyu na mvua yake.

Tukuyu nilikumbuka alichokuwa akituambia babu. Wajerumani walipofika walijenga kituo chao kando ya ziwa, wakakiita Langenburg. Baadaye wakapanda na makao yao hadi Tukuyu, wakayaita Neu Langenburg, yaani Langenburg mpya. Babu alipenda kusema, "Wageni walikuwa na mji ziwani kabla yetu, wakauacha." Nilipokuwa mdogo nilidhani anatuchekesha.

Baada ya Tukuyu gari linashuka na joto linapanda. Migomba inaendelea, parachichi zinapungua, michikichi na kakao zinaanza. Sweta nimelivua kabla ya kufika Kikusya, ambapo njia ya Ipinda na Matema inachepuka. Kipande hicho, kilomita 39 na kidogo, sasa ni lami. Nilipokuwa msichana tulikuwa tunakaa humo nusu siku, gari likinasa tunashuka kusukuma. Lami hii tuliiomba sisi wenyewe. Mama aliiomba hadi anakufa. Leo binamu yangu amenichukua Ipinda kwa bodaboda yake na tumeteleza tu hadi nyumbani, na njiani nikahesabu vibao vya "kiwanja kinauzwa" hadi nikaacha. Lami ndiyo iliyomleta mwekezaji. Hilo kila mtu kijijini analisema, wanaomtaka na wasiomtaka.

"Ugonile," mjomba akanisalimia mlangoni. Nikapiga goti, shikamoo, marahaba. Amekonda. Tumekula mbalaga na mbasa wa kukaanga, na karatasi hakuna aliyeigusa. Kwetu jambo la kaburi halisemwi usiku.

Siku ya tatu, Ijumaa

Asubuhi nimeanza kwa mama. Kaburi liko kati ya mikakao miwili aliyoipanda mwenyewe. Nimelipalilia kwa mkono, nikakaa. Kutoka pale maji yanaonekana, na ng'ambo ya ghuba Milima ya Livingstone imesimama wima hadi ndani ya ziwa. Kwenye kona ya shamba kuna kigingi cha mti, kichwa kimepakwa rangi nyekundu.

Kisha tumekaa barazani: mjomba, mama mdogo, binamu na mimi.

Binamu ndiye anayeutaka mradi, na nitayaandika maneno yake kwa haki kwa sababu si mtu wa tamaa. Ana miaka 29 na kidato cha nne, bodaboda ni ya mkopo. "Dada, wewe unaishi Iringa," akaniambia. "Unakuja hapa unaona uzuri. Mimi naona vijana wanne niliosoma nao wamekwenda Dar es Salaam, na wa tano yuko Tunduma anapakia malori. Hoteli ikija nitabeba wageni. Mke wangu atafua mashuka kwa mshahara. Wewe ungetaka nibaki naangalia maji?"

Sikuwa na jibu, na sijalipata hadi ninapoandika.

Mjomba alikuwa anapinga. Sasa amechoka, anataka tu hesabu iwe ya haki. Yeye ni mkulima wa kakao, anauza kwenye chama cha msingi, mzigo unakwenda mnadani kwa stakabadhi ghalani. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipanda kuliko wakati wowote, na mjomba aliezeka upya nyumba yake kwa mavuno ya msimu huo. "Wao wanahesabu mti," akasema. "Huu mti umezaa tangu mama yako hajaolewa na unazaa bado. Wanaulipa mara moja, na huko juu kwenye maji ya mpunga kakao haioti."

Mama mdogo alikuwa kimya muda wote, anachambua mchele. Aliomba aione ile fomu. Akamrudishia binamu: "Nisomee yote. Usiruke."

Binamu akasoma. Nyumba, vyumba vitatu, ukuta wa tofali za kuchoma, bati. Choo cha nje. Mikakao. Michikichi. Miembe. Migomba. Makaburi, idadi. Posho ya usumbufu. Gharama za usafiri.

"Na mchanga?"

"Mchanga gani, shangazi?"

"Ninapoanika usipa."

Binamu akageuza karatasi, akaangalia nyuma. Hakuna.

Mama mdogo hana mti hata mmoja. Nyumba anayolala ni ya mjomba. Ana vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wa ziwa letu, ufukweni, beseni na nafasi yake ya kusubiria mitumbwi alfajiri, wavuvi wanaporudi na taa zao. Nafasi hiyo aliachiwa na mama yake, na hakuna mwanamke kijijini anayeweza kuikalia bila kumwomba. Amesomesha watoto watatu kutoka hapo. Kwenye fomu nafasi hiyo haipo, kwa sababu ufukwe si wa mtu, na kisicho cha mtu hakina wa kulipwa.

Nimekwenda na sheria mbili na kalamu yangu, na swali lenyewe ameliuliza yeye.

Siku ya nne, Jumamosi. Lyulilo

Jumamosi ni siku ya gulio la Lyulilo. Tumetembea na mama mdogo mapema kabla jua halijakali. Vyungu vimekuja kwa mitumbwi kutoka Ikombe na vijiji vya Wakisi vilivyobanwa kati ya mlima na maji, vimepangwa mchangani kwa mamia, vikubwa vya pombe na maji chini, vidogo vya mboga juu yake, vimefungwa kwa majani visigongane. Wakisi wanafinyanga kwa mkono bila gurudumu, ni kazi ya wanawake, na vyungu vyao vinapanda malori hadi Mbeya na mbali zaidi. Ukinunua chungu cha udongo soko la mjini, huenda kimeanzia hapa.

Nimeongea na mama mmoja mfinyanzi, mtu mzima, mikono yake imekauka na udongo hadi kwenye viwiko. Nikamuuliza kama amesikia habari za kijiji chetu. Amesikia. Mitumbwi yao ikizidiwa na mwera huingia kwenye ghuba yetu kujificha, wakati mwingine wanalala hapo hapo mchangani na mzigo wao hadi upepo utulie.

"Hilo gati," akaniuliza, "sisi tutafunga?"

Nikasema sijui.

"Basi niulizie. Sisi si wa kijiji chenu, hatutaitwa kwenye mkutano."

Nimenunua chungu kimoja. Bei aliyoitaja nimeilipa yote.

Jioni mzee jirani alikuja. Mzee huyu alikuwa mvuvi, macho yake sasa yana mtoto wa jicho, lakini ufukwe anaujua kwa miguu. Nilikuwa nimemsomea mjomba kifungu cha 57 cha Sheria ya Mazingira: shughuli za kudumu za kibinadamu haziruhusiwi ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji ya bahari, ziwa au mto. Binamu akasema wapimaji walilijua hilo, ndiyo maana vigingi vya mbele viko pale vilipo. Walipima.

"Walipima lini?" mzee akauliza.

"Mwezi wa kumi na moja."

Mzee akacheka hadi akakohoa. "Mwezi wa kumi na moja ziwa limelala. Sasa ni mwezi wa nne. Nendeni mkapime sasa."

Tumekwenda kwa mwanga wa mwisho wa jua. Tepu ya fundi ni ya mita tano, kwa hiyo tulichukua kamba ya wavu, tukaipima tepu mara kumi na mbili, tukafunga fundo. Binamu akashika ncha yake majini, pale wimbi linapofia. Mimi nikatembea na nyingine kuelekea mashambani. Nikapita vigingi vya mbele na kamba bado iko mkononi. Nikaendelea, nikapita vichanja vya mama mdogo, nikapita njia. Fundo lilifika kwenye mwembe wa mzee, na mwembe uko ndani kabisa ya eneo lililochorwa nyumba za likizo.

Mzee akaupapasa ule mwembe kiunoni pake. "Mwaka 1980 maji yalifika hapa. Tulifunga mtumbwi kwenye tawi hili."

Binamu aliikunja kamba taratibu. Hakusema kitu hadi tunafika nyumbani.

Siku ya tano, Jumapili

Ibada, halafu mvua mchana kutwa. Nyumba ya jirani yetu wa kushoto na ya jirani yetu wa kulia hazisalimiani tena. Mmoja amekwisha saini, mwingine ameapa hatasaini, na watoto wao wamekatazwa kucheza pamoja. Nimemkumbuka shangazi na wifi yake. Hoteli hata msingi haijachimbwa na tayari imeshagawanya watu waliochimbiana makaburi. Hili linaniuma kuliko yote, nalo halipo kwenye fomu yoyote.

Siku ya sita, Jumatatu. Mkutano

Mkutano mkuu wa kijiji umeitishwa chini ya miti karibu na ofisi. Wanaume wamekaa kwenye mabenchi mbele, wanawake kwenye khanga nyuma, vijana wamesimama na pikipiki zao. Mimi si mkazi, kwa hiyo nilikaa pembeni kama mgeni, na mwenyekiti akaniruhusu kusikiliza.

Mtendaji alieleza mradi vizuri, bila kuficha. Akaulizwa nani mwenye kauli ya mwisho. Hapa mjomba alisimama na zile karatasi zangu, miwani puani, akasoma kwa sauti ya kanisani: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kifungu cha 4. Eneo la ardhi linalotakiwa kuhamishwa kutoka mikononi mwa kijiji likiwa hekta 250 au pungufu, ni mkutano mkuu wa kijiji unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo na uamuzi ni wa waziri. Ufukwe wetu wote hata kwa kuongeza mashamba ya nyuma haukaribii hekta 250.

"Kwa hiyo ni sisi," mtu mmoja akasema, kama anayeshtuka usingizini.

Waliotaka mradi walisema maneno yenye uzito. Mama mmoja kijana alisema alijifungulia kwenye bodaboda na kwamba mahali penye hoteli hospitali hupata dawa na umeme haukatiki. Mwingine akamjibu kwamba zahanati si kazi ya hoteli. Wakapandishiana sauti. Mwenyekiti, ambaye wengi walikuwa wanamshuku, aliwatuliza kwa subira ambayo sikuitegemea, akampa kila mmoja nafasi hadi mwisho.

Kisha mama mdogo akanyanyuka kutoka kwenye khanga. Hajawahi kusema mkutanoni. Mjomba aliniambia hivyo baadaye. Aliuliza maswali matatu. Mchanga wa kuanikia usipa utalipwa nani? Mitumbwi ya Wakisi itafunga wapi mwera ukivuma? Na maji yalipimwa lini?

La tatu ndilo lililonyamazisha watu. Aliyefuata kusimama alikuwa binamu yangu. Nilimjua msimamo wake, nikainama. Akasema yeye anautaka mradi, anautaka hata leo. Lakini juzi ameshika kamba mwenyewe, na kama nyumba za likizo zitajengwa vigingi vilipo, zitajengwa ziwani. "Warudi wapime sasa hivi, maji yakiwa juu," akasema. "Wakishapima, mimi nitanyoosha mkono wangu."

Kura haikupigwa. Mkutano umeazimia wapimaji warudi kabla maji hayajashuka, na orodha ifanywe ya wote wanaoutumia ufukwe bila kumiliki kitu juu yake: waanika usipa, wavuvi wasio na shamba, wafinyanzi wa ng'ambo. Mtendaji aliandika vyote kwenye daftari la mihtasari, akausoma muhtasari kwa sauti kabla watu hawajaondoka. Nani ataitengeneza hiyo orodha? Kikazuka kimya, kisha wanawake wakamtaja mama mdogo. Amesomea darasa la saba. Amekubali.

Karatasi ya kaburi sijaisaini. Nimemwambia mjomba nitakuja tena ikibidi. Akanishukuru, "Ndaga, mpwa," akaikunja na kuirudisha ndani ya Biblia.

Siku ya saba, Jumanne. Kurudi

Ipinda, Kikusya, Tukuyu kwenye mvua, chungu kati ya miguu yangu kimefungwa kwa khanga ya mama mdogo. Kondakta alitaka kukiweka juu na mizigo, nikakataa.

Tulipofika Uyole simu ikalia. Binamu ametuma picha. Nilidhani ni picha ya kaburi, kumbe ni ufukwe, alfajiri, kijivu. Kigingi kimoja cha mbele kimezungukwa na maji, kichwa chake chekundu ndicho kinachoonekana. Chini ameandika: "Dada, hiki ni cha leo. Kesho nitapiga vingine. Niambie kile kifungu kilikuwa cha ngapi."

Nikamwandikia: 57.